Sala ya Anti Peris Kabla ya Kula

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipoponywa tumbo kwa maombi, mchana kweupe, mbele ya wanawake saba wa ushirika. Nilipona kweli. Tangu wakati huo nimesikia shuhuda nyingi kanisani, nyingine zimetiwa chumvi hadi hazimezeki, lakini wangu sijawahi kuutoa. Nikisimama kuutoa itabidi niseme pia yaliyofuata, na yaliyofuata hayana haleluya.

Tuliishi mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja katikati na choo mwishoni. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha misumari. Mama alipika mandazi ya kuuza asubuhi, na kila Alhamisi saa kumi aliongoza ushirika wa wanawake chumbani kwetu. Wengi wao walikuwa wametoka magharibi mwa nchi kama sisi. Walivua viatu mlangoni, wakajibana kitandani na kwenye stuli, wakaimba hadi sufuria za Mama zikatikisika rafuni.

Chumba cha nne alikaa Anti Peris. Hakuwa na mtoto, ndiyo maana hakuwa Mama Fulani kama wenzake, na mumewe alikuwa amerudi nyumbani kuoa mwingine kwa sababu hiyohiyo. Alifuma masweta ya shule kwa mashine, na nyuzi zilizobaki alitufumia kofia sisi watoto wa ploti. Yangu ilikuwa ya kijani yenye kishada chekundu. Niliivaa hata jua likiwaka, mpaka Mama akauliza kama kichwa changu kina baridi yake peke yake.

Anti Peris aliongea na Mungu bila kumpigia kelele. Wenzake walipaza sauti na kutetemeka, yeye alizungumza tu, macho amefumba, kama anayeongea na jirani kupitia ukuta. Aliwahi kuombea choo cha ploti: "Bwana, mguse landilodi akitengeneze. Wewe utarudi bila kutuambia siku, na mgeni akifika lazima aonyeshwe choo." Mama alimkemea kwa jicho, kisha akainamisha kichwa ili asionekane akicheka. Nilidhani Wakristo wote hucheka hivyo, na nilikuja kugundua nikiwa mkubwa kwamba ni wachache mno.

Tukitoka shule tulipita kwake, mimi na wenzangu wawili watatu. Alitupakulia maharagwe, na kabla ya kula aliomba sala yake. "Asante Bwana kwa maharagwe. Jana pia tulishukuru kwa maharagwe. Juzi pia. Sisi hatulalamiki, Bwana, tunakukumbusha tu. Amina." Halafu aliketi, akashika kidevu, akatutazama tukila. Hakula nasi. "Kuleni," alisema. "Mimi nashiba nikiwaona tu."

Mwaka huo Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuja kutoka Bungoma kutibiwa mguu, akakaa nasi miezi. Alikuwa mwanamke wa kanisa aliyejua nyimbo za kitabu kizima bila kukifungua. Alijua pia mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu. Alituambia kuna watu wenye jicho. Mtu wa namna hiyo akikutazama ukila, chakula hukwama tumboni, tumbo hujaa na kukaza, na usipotibiwa unakufa. Si lazima awe mbaya. Amezaliwa nalo, na pengine mwenyewe hajui. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha zaidi, na ndilo lililokuja kumtesa mwingine.

Jumatano moja jioni Mama alikanda unga mwingi wa mandazi, akautia hamira, akaweka beseni chini ya meza na kulifunika kwa kitambaa. Akatoka kwenda dukani. Nilikuwa nimetoka kwa Anti Peris, nimeshiba maharagwe, kwa hivyo siwezi kusingizia njaa. Niliinama chini ya meza, nikamega tonge la unga mbichi. Lilikuwa na utamu wenye uchachu ambao nikiufikiria hata sasa mate yananijaa. Nilikula matonge matano, nikasawazisha unga kwa kiganja na kurudisha kitambaa.

Asubuhi tumbo lilikuwa limevimba hadi gauni la shule likakataa kufunga. Nilijikunja kitandani nikilia. Mama alikuwa ameinama juu ya beseni, akinung'unika, "Hamira ya siku hizi ni bure kabisa. Ona unga ulivyo kidogo." Nilisikia, nikanyamaza. Slipa ya Mama ilikuwa hapo karibu na kitanda, na mimi na slipa hiyo tulifahamiana vizuri.

Nilinyweshwa maji ya tangawizi, nikakandwa kwa kitambaa cha moto, bila nafuu. Saa kumi ushirika ukafika. Mama akasema wakimaliza atanibeba hadi zahanati, lakini kwanza waniombee. Waliomba kwa zamu karibu saa nzima. Walikemea, walilia, mmoja alinimwagia mafuta kitovuni. Tumbo halikusikia la yeyote.

Anti Peris alikuwa wa mwisho. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono wake tumboni mwangu, taratibu, akafumba macho.

"Bwana," alisema, "hili ni tumbo la Nekesa. Ulimpa la ukubwa wa bakuli, leo ni sufuria ya harusi. Kama kuna harusi, si utualike. Kama hakuna, tunaomba huo upepo utoke, Bwana, na utoke kwa amani."

Nilicheka. Kucheka kuliuma, na kwa vile kuliuma nilijaribu kujizuia, na katika kujizuia nikajamba. Sina neno la heshima zaidi, na hata ningekuwa nalo lisingefaa, kwa sababu ulikuwa mjambo wa mtu mzima.

"Amina!" Anti Peris akasema kabla ya mwingine kufungua mdomo. "Bwana amejibu, na amejibu kwa sauti."

Wanawake waliangukiana. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni, akijifuta machozi kwa leso. Mimi niliendelea kujibiwa kwa sauti, na kila mara ushirika ukaitikia amina. Kufikia saa kumi na mbili tumbo lilikuwa laini, nikaomba uji. Sijawahi kuwa na furaha kanisani kama niliyokuwa nayo kwenye kile chumba, na nimezunguka makanisa mengi nikiitafuta.

Kukhu hakucheka. Wageni walipoondoka alinisogelea na stuli yake.

"Jana ulikula wapi?"

"Kwa Anti Peris."

"Nini?"

"Maharagwe."

"Alikuwa anakuangalia ukikula?"

Nilimtazama Mama, kisha nikaitazama slipa. "Ndiyo, Kukhu."

Kila jibu lilikuwa la kweli. Hakuna aliyeniuliza kuhusu unga, nami sikuwa mjinga wa kujipeleka.

Kukhu akamgeukia Mama. "Umejionea. Mwenye jicho akigusa alipofunga, panafunguka. Nyinyi wote mmeomba mpaka mkachoka, tumbo likakataa. Huyu ameweka mkono mara moja tu."

"Mama, hayo ni maombi," Mama akasema. "Mungu amesikia."

"Maombi gani ya kuchekesha watu? Na huyo hana mtoto. Watoto wa wenyewe wanafuata nini kwake kila siku?"

Nilingoja Mama ajibu. Alikuwa kiongozi, alijua maandiko, na dakika chache tu nyuma alikuwa sakafuni akicheka kwa sababu ya wema wa Mungu. Aliinuka, akaanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Wiki hiyohiyo habari ilifika kwenye bomba. Yale Anti Peris aliyokuwa akituambia, kwamba anashiba akituona, yakawa ushahidi. Wanawake walifunika sufuria akipita. Watoto waliitwa ndani kwa sauti kali wakikaribia chumba cha nne, na wenye masweta waliyapeleka kwa fundi mwingine. Kukhu alitia kofia yangu ya kijani kwenye jiko, na nyuzi zilinuka chumbani siku mbili. Ushirika ukahamia chumba cha tisa, na hakuna aliyemwambia.

Alikuja mlangoni kwetu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikimwona kupitia upenyo.

"Mama Nekesa, wewe ndiwe kiongozi," alisema. "Ongea na hawa watu. Wewe unanijua."

Mama hakufungua mlango wote. "Tuombeane tu, dada," alisema.

Siku hizi mtu akiniambia tuombeane, damu hunichemka kabla sijajua anataka nini. Anti Peris yeye aliitikia, "Sawa, tuombeane." Mwisho wa mwezi alipakia mashine yake kwenye mkokoteni, akaondoka.

Sitaki mtu adhani nilinyamaza kabisa. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Kukhu akiwa ameshakwenda kwake, nilimwambia Mama. Alikuwa anakanda unga, na nadhani ndiyo maana maneno yalinitoka. Mikono yake ilisimama.

"Ulikula matonge mangapi?"

"Matano."

Alitazama beseni kwa muda mrefu. Halafu akaanza kukanda tena, kwa nguvu. "Usimwambie baba yako," alisema. Slipa haikuinuliwa. Ningepigwa siku hiyo ningemshukuru. Alhamisi aliongoza ushirika kama kawaida, akafundisha kuhusu ulimi. Sisi wawili tulibeba jambo hilo hadi alipofariki, na nina hasira naye ambayo sijui niipeleke wapi, kwa kuwa nusu yake ni yangu mwenyewe.

Mwaka jana binamu yangu alibatizisha mtoto wake, akaalika watu nyumbani kwake Mowlem. Chakula kilipoanza kugawiwa chini ya hema, nilimwona mwanamke mzee akiinuka, akageuza kiti chake cha plastiki, akaketi akiutazama ukuta. Nilimuuliza binamu.

"Huyo nyanya ni Shosh Peris, jirani yetu. Ako tu hivyo. Watu wakikula yeye huangalia ukuta. Lakini anachekesha, wacha tu!"

Nilisahau sahani mkononi. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikajitambulisha. Alinishika mkono na kuuminya. "Neke wa sufuria ya harusi," alisema, bado akiutazama ukuta.

Nikamwambia. Beseni, hamira, matonge matano, slipa. Nilisema haraka, kwa aibu, mtu mzima wa karibu miaka arobaini.

"Unga wa mandazi?" aliuliza.

"Ndiyo, Anti."

"Mbichi?"

"Mbichi."

Alianza kucheka, kile kicheko cha chumba chetu, mabega yakitikisika. Nami nikacheka, nikidhani nimesamehewa. Kisha niliona kwamba machozi yanamtoka na kicheko kimekwisha.

"Nimeomba miaka hii yote Mungu aniondolee hilo jicho," alisema. "Nilikuwa najua sikukufanyia kitu. Lakini walisema mwenye nalo hajui. Ningejuaje?"

Nikaiweka sahani mapajani.

"Mdogo wangu alikufa akaacha mtoto mchanga. Waliniletea mimi, kwa kuwa sina. Nikakataa. Niliogopa kumlisha. Alipelekwa kwa watu wa baba yake, na sikusikia habari zake tena." Alijifuta uso kwa upande wa leso. "Atakuwa mkubwa sasa."

Niliomba msamaha. Alisema amenisamehe, upesi, kama mtu anayekupisha njiani. Nadhani alimaanisha. Lakini msamaha haukumrudishia yule mtoto, na sote wawili tulijua.

"Anti, geuka basi," nikamwambia. "Niangalie nikila. Sasa unajua hakuna kitu."

Alisita. Kisha akainuka, akageuza kiti, tukatazamana. Nikachukua kijiko.

"Ngoja kwanza tuombe," akasema, akafumba macho. "Asante Bwana kwa pilau. Zamani ilikuwa maharagwe, hatukulalamika, tulikukumbusha tu. Leo umekumbuka."

Waliokaa karibu walicheka. Nilisubiri amina ili nianze. Haikuja. Akamshukuru Mungu kwa mchele, kwa aliyeupika, kwa magoti ya aliyeupika, kwa hema, kwa mwenye viti. "Kula, Neke, kisipoe," akasema katikati ya sala, macho bado amefumba, na akaendelea. Nikala. Aliombea kachumbari. Aliombea mtoto aliyebatizwa, akaombea meno yake ambayo hayajaota. Nilikula polepole kadiri nilivyoweza, nikiutazama uso wake, nikingoja afumbue macho hata mara moja. Watu walisema Shosh Peris anajua kuomba. Kijiko changu kilipogusa sahani tupu alikisikia, akasema, "Amina," akafumbua macho na kunitabasamia.

Mimi nilipona siku ileile, kabla ya saa kumi na mbili, nikapewa uji. Yeye bado hawezi kumtazama mtu akila. Kumponya kulihitaji sentensi moja tu, nami nilikuwa nayo mdomoni tangu nikiwa na miaka tisa.