Mhandisi wa Shule Mpya ya Junda

Mhandisi wetu mpya hachori hata mstari kabla hajatuketisha meza moja, fundi wa umeme, wa maji, na mimi wa nguzo. Penseli huichomeka kwenye ushungi, na sauti yake haipandi hata nikimbishia. Shule sita za Kisauni nimezichora mimi, na mwalimu mkuu alikuwa hamsikilizi mwingine. Jana mhandisi huyu alipiga magoti mchangani, akamsimamisha msichana wa darasa la kwanza kwenye ukuta wa zamani.

"Nyoosha mkono, mama, nione mfereji tuuweke wapi."

"Nikiruka nafika juu!"

"Usiruke. Nataka unywe bila kuruka."

Akatia alama ya chaki.

"Wallahi, sasa ndio tumepata mhandisi," mwalimu mkuu akaniambia, mimi. Walipoondoka nikaipima alama ile kwa futi yangu, nikitamani awe amekosea. Nikajikuta nimepiga magoti.