Mama, Wewe Kaa Tu

Mama alikuja kwangu Kibomet, mtaa wa Kitale, kwa wiki mbili tu. Alileta mfuko mmoja wa nguo na kuku wawili, na jembe lake akaliacha nyuma ya mlango kule kwake Tongaren, kwa kuwa palizi ilikuwa karibu na alikusudia kurudi. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Alitaka kitu kimoja maishani: kuzeekea kwake, si kwa mtu, hata kama mtu huyo ni mwanawe.

Hospitalini hapa Kitale, mwanamke wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alilikunja lile goti polepole, likatoa mlio. Alisema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika na halitarudi, lakini kisu si lazima. Akatupatia karatasi yenye picha: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka kumi, shusha. Atembee kila siku, apunguze uzito kidogo.

"Hili goti likipumzishwa sana ndio mtalia," alituambia. "Linataka kazi ya polepole."

Nilisikia. Naomba ieleweke kwamba nilisikia.

Mama alianza vizuri. Kila asubuhi alikaa uani akinyoosha mguu na kuhesabu kwa Kibukusu kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakacheka. Alifagia, akazunguka ploti mara tatu, akaacha kutia sukari kwenye chai. Wiki mbili zikawa nne, na mwezi ulipoisha alikuwa anapanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta.

Ndipo shangazi yangu wa Misikhu akaja kutusalimia, akamkuta na ufagio mkononi.

"Yaani umeleta mama yako mjini afanye kazi? Si wewe uko na mshahara? Na vile amekonda! Ati daktari alisema? Daktari gani anaambia mtu akonde?"

Kwetu mtoto mwenye mshahara hupimwa kwa mzazi aliyenona na kutulia kwenye kiti. Wiki iliyofuata wanawake wa kanisa la Mama walifika kutoka Tongaren na kuku wa kuchemsha, wakamwombea kama mtu anayeaga dunia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwa na ujasiri wa kuwaonyesha ile karatasi.

Nikamnyang'anya Mama ufagio. Nikamnunulia sofa laini, lile la kuzama. Maji ya kunawa nilimletea hapo hapo, na uji, na chapati. Kila alipojaribu kuinuka nilimwambia, "Mama, wewe kaa tu."

"Sasa nikikaa hivi, nitarudi nyumbani na miguu gani?"

"Nitakubeba," nilisema, nikacheka. Mpumbavu mimi.

Palizi ikapita, mavuno yakapita, ikaja palizi nyingine. Leo kumwinua kwenye sofa lile ni kazi ya watu wawili. Tulimrudisha kwa yule mwanamke wa fizio. Akabonyeza paja la Mama, akasema misuli imekwisha. Hakunigombeza. Alitupatia karatasi ile ile, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mama hata hakuitazama.

Mwezi uliopita nilienda Tongaren peke yangu. Shamba limekodishwa kwa jirani. Jembe bado liko nyuma ya mlango, mpini umeliwa na mchwa. Mama aliponiuliza nilimwambia kila kitu kiko sawa.

Asubuhi ya leo nilipoinuka kutoka mezani, goti langu mwenyewe lililia. Mlio niliutambua. Nikaitoa ile karatasi chini ya redio, nikakaa kwenye kiti cha mbao, nikanyoosha mguu na kuanza kuhesabu. Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye sofa.

"Mguu inauma?"

"Kidogo tu."

"Basi wacha hiyo kitu, mtoto wangu. Utajiumiza bure. Wewe kaa tu."

Nilikuwa nimefika nne. Nikashusha mguu.