Mwenye Zizi Nilimweka kwa Mvua

Nimekosa, na msiniambie ni shetani. Ni mimi, mzee mzima, na wivu wangu.

Shule niliachia darasa la tatu. Viazi vya hapa Molo ndivyo vilinisomesha. Kwa hivyo siku niliponunulia kanisa letu sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, za ng'ambo, Maria mweupe kama chokaa, nilijivuna. Miaka mingi watu walipiga magoti pale Krismasi, nami nikaona kama ni mimi wananipigia.

Mwaka jana padre akamwambia mama mmoja mjane, fundi wa vyungu, atengeneze zingine za udongo wetu. Alisema kila watu humpokea Mtoto kwa sura ya kwao. Huyo mama namjua! Miaka ile watu walifukuzwa mashambani, alilala kwa zizi langu na mtoto mgongoni.

Akazileta. Maria amefunga mtoto kwa leso. Yusufu amevaa gambuti, zile buti za mpira za shambani. Wachungaji wamejifunga blanketi kwa hii baridi yetu. Watu wakalia. Zangu zikapelekwa stoo, kando ya mafagio. Hata bibi yangu akasema, "Huyu Maria ni kama anaweza kunisalimia."

Iliniuma! Mtu aliyelala na ng'ombe wangu!

Mkesha wa Krismasi, saa nane mchana, nilibaki kanisani peke yangu. Kulikuwa na sanamu moja sikuielewa, mwanaume wa kofia ameshika mlango wa zizi. Huyo hayuko kwa Biblia. Nikaona nimepata sababu. Nikamtoa nje, nikamweka pale maji ya paa huangukia. Mama hakuwa amepata muda wa kuzichoma motoni ziwe ngumu, na mvua ya Molo haichelewi. Kufika misa, alikuwa tope.

Mama akaja, akaliangalia lile tope. Hakuuliza ni nani. Mdomo wangu ndio ulikimbia, nikamwambia huyo hata hakuwa kwa Biblia.

"Mzee," akasema polepole, "lile zizi lilikuwa na mwenyewe. Kuna mtu alimfungulia Maria. Hiyo kofia si unaijua?"

Nikaangalia kofia mkononi mwangu.

Nilimwomba msamaha, akanipa. Nilimwomba amtengeneze tena. Anasema udongo uko, lakini ile sura imemtoka.

Wewe unayepima nani amesifiwa kuliko wewe, chunga mkono wako. Utavunja kitu cha mtu, kumbe ndiyo heshima pekee aliyokuwa amekuwekea.