Mama Aliyeuza Nyumba Mwanawe Akiwa Ndani

Arlys Stenerson alimwambia mwanawe kwamba anauza nyumba siku ya Jumapili, jikoni, wametoka tu kanisani. Alianza na theluji, maana ndiyo iliyokuwa rahisi kuisema.

"Siwezi tena kuzoa theluji mlangoni, Darrin. Mgongo umekataa."

"Nitazoa mimi."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

Darrin akacheka, akadhani ni utani. Alipomwona mama yake hacheki, akaweka kikombe mezani.

"Unauza halafu unaenda wapi?"

"Kwenye makazi ya wastaafu, kule aliko Bev. Nimeshachukua chumba."

Nilikuwa jirani yao hapo Duluth, kaskazini mwa Marekani, nyumba ya pili upande wa ziwani, na habari ile ilitugawa mtaa mzima. Arlys alikuwa anakaribia miaka themanini, mjane, fundi cherehani mstaafu aliyeshona magauni ya harusi ya nusu ya mabinti wa usharika wetu. Darrin alikuwa mwanawe wa pekee. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa mama na kukaa chumba cha chini, kwa muda tu, alisema. Ule muda ulikuwa umeingia mwaka wa tisa.

Watu walidhani Arlys ana bahati, kijana wake yuko naye ndani. Hawakujua ndani kulivyokuwa. Darrin alifanya kazi za usiku kiwanda cha karatasi, na mchana alilala. Kwa hiyo mama yake aliishi kwa kunyata. Redio hafungui, zulia hafagii kwa mashine, marafiki hawakaribishi, maana sauti zao zingemwamsha. Wale wanawake wa kwaya waliokuwa wakija kunywa kahawa walikoma mmoja mmoja. Jioni Darrin aliamka, akala alichopikiwa, akaenda kazini.

Bev Kowalczyk, rafiki yake wa siku nyingi, alipohamia kwenye makazi ya wastaafu juu ya kilima, alimwalika aje kula. Arlys aliniambia baadaye kwamba siku ile Bev alisimulia upuuzi fulani kuhusu mbwa wa mchungaji, na yeye akacheka mpaka supu ikampalia. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye gari nje ya nyumba yake mwenyewe, akaona uzito kuingia.

Jumapili ile jikoni, Darrin hakuipokea vizuri ile habari.

"Watu watasema nimekutupa kwa wazee."

"Waambie mama ndiye aliyeondoka."

"Na mimi? Mimi niende wapi, Mama?"

"Una miaka arobaini na nane, mwanangu."

"Kwa hiyo unanifukuza."

Darrin akateremka chumbani kwake, na tangu siku ile hakusema naye, hata nyumba iliponunuliwa. Siku ya kuhama, aliyebeba masanduku ni mimi na mume wangu. Darrin alikuwa amelala huko chini, au amejilaza tu akitusikia tukipita juu yake.

Kule kilimani maisha yalimkubali Arlys. Alikuwa na chumba chake chenye dirisha la kuangalia ziwa, na funguo zake mwenyewe. Kulikuwa na bwawa la maji ya moto lililomlegeza mgongo, na muuguzi wa kumpima damu bila kuendesha gari kwenye barafu. Alianza tena kuimba. Wanawake wakagundua mikono yake, wakamletea sketi za kupunguza kiuno. Mchana walikula pamoja, meza yao ikiwa ya Bev, Arlys na mzee mmoja mkimya aitwaye Osmund Haugen.

Lakini kila nilipomtembelea, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile. "Umemwona Darrin? Anakula?" Darrin alikuwa amepanga chumba juu ya gereji ya watu. Simu za mama hakupokea. Arlys alimpikia, akafunga vyakula, akanipa nimpelekee. Darrin alivipokea mlangoni bila kuuliza hali yake.

Halafu, mwezi wa Februari, wakiwa mezani mchana, kijiko kilimponyoka Arlys. Akataka kuomba radhi, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye uji mdomoni.

"Shoga, umekunywa nini asubuhi?" Bev akatania.

Osmund hakucheka. "Arlys, nitazame. Tabasamu."

Upande mmoja wa uso ulitabasamu, wa pili ukabaki umelala. Mke wa Osmund alikuwa amefariki kwa kiharusi, kwa hiyo Osmund aliujua uso ule. Aliinuka, akavuta kamba ya kengele ukutani, na muuguzi akaja mbio. Kabla vyakula havijapoa, Arlys alikuwa kwenye gari la wagonjwa.

Daktari alisema amewahishwa, na kwamba angechelewa asingesema tena.

Darrin alifika hospitali na koti la kazini. Nilikuwepo. Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Ungekuwa nyumbani," alisema, "ningekuwa na wewe."

Arlys alilitafuta kila neno. "Ilikuwa mchana, Darrin."

"Najua."

"Ungekuwa umelala."

Uso wa Darrin ulibadilika. Akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Nilitaka kutoka, Arlys akanishika kwa mkono wake ambao haukupooza.

"Kwa hiyo ulifanya vizuri kuniacha," Darrin alisema bila kugeuka.

"Sikukuacha. Nilihama."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja, Mama."



Arlys alirudi kilimani. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa, sindano haishiki. Bev humsukuma bwawani kila asubuhi akimtukana kwa mapenzi, "Piga maji, mvivu wewe!" Darrin huja siku za mapumziko. Hukaa ukingoni mwa kiti, koti hajalivua, huuliza kama dawa zipo, kisha huondoka. Kukaa mezani ale nao bado hajakubali.

Nilimuuliza Arlys kama angerudi nyuma angehama tena.

"Ningehama," alisema. "Hata mapema zaidi." Akaukanda ule mkono mgonjwa. "Lakini Darrin akiondoka pale mlangoni, siku nzima inaniharibikia."