Valvu Tatu na Sikio la Karani

Ting. Ting. Kimya kidogo, halafu ting tena. Sauti ilitoka ndani ya stoo ya zamani nyuma ya kiwanda cha chai, upande wa Kimulot, ambako nilikuwa karani wa kupima majani mabichi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na riwaya ambayo sikuwa nimeanza kuiandika, kwa hiyo kila sauti duniani niliamini inaniita mimi. Nikaacha mizani, nikaifuata.

Chini ya tumbo la mashua kuukuu ya tanga alikuwa amelala fundi wa mitambo, mzee kutoka upande wa ziwa, akigonga kwa nyundo ndogo. Mashua iliachwa na meneja wa zamani, aliyekuwa akizunguka nayo kwenye bwawa la shamba siku za Jumapili. Fundi alikuwa anastaafu wiki hiyo, na meneja mpya alikuwa amempa mashua kwa sharti moja: Ijumaa ielee bwawani mbele ya macho yake. Ikielea, lori la kiwanda litaipeleka kwao ziwani Jumamosi. Ikizama, itapasuliwa iwe kuni za boila.

"Karani, masikio yako iko sawa?" aliniuliza bila kutoka huko chini. Yake yalikuwa yameliwa na mashine za kusagia majani.

Akanieleza. Mashua ilikuwa na matundu matatu mahali panapokaa chini ya maji. Kila tundu lilikuwa na bomba fupi la shaba ya manjano lililopenya ubao, na valvu upande wa ndani. Moja ya sinki, moja ya choo, moja ya kutolea maji ya mvua. Shaba nzima ikigongwa hulia. Iliyooza hutoa sauti iliyokufa. Naye alikuwa na bomba moja tu jipya na valvu yake, amelihifadhi ndani ya soksi. Kazi yangu ilikuwa kumwambia ni lipi la kubadilishwa.

Akagonga la kwanza. "Inalia ama imekufa?"

Nikafumba macho. "Inalia, mzee, lakini kwa huzuni."

"Sijauliza kama iko na huzuni."

La pili nilisema linalia. Alipogonga la tatu nilikuwa nimeshatoa daftari, naandika kuhusu huzuni ya la kwanza, nikasema nalo linalia. Akaridhika. Akaniachia kazi mbili. Niyasugue yote matatu, na nikiona rangi ya waridi chini ya kutu ya kijani nimwite mara moja, maana hapo shaba imeoza. Pia nichonge vigingi vitatu vya mti laini, nifunge kimoja kando ya kila valvu, ili bomba likivunjika tundu lizibwe. Niliitikia kwa kichwa. Kalamu haikusimama.

Jumatano nikasugua. Bomba la tatu lilipoanza kung'aa, ilitokea rangi ya waridi nyororo ajabu, na mimi nikakaa kitako kuitazama. Nilijaza ukurasa mzima. Vigingi sikuchonga. Kwetu Merigi hakuna mtungi wala jerikeni iliyowahi kuzibwa kwa kitu kingine ila gunzi la mahindi, na hakuna aliyelalamika. Nikachagua magunzi matatu yaliyonyooka, nikayafunga kwa katani, nikajiona fundi.

Ijumaa mashua ikaingia majini, meneja akiwa amesimama ukingoni na mwavuli. Tukiwa wawili ndani, fundi akaanza kuzikagua valvu, kufungua na kufunga. Ya tatu ilibaki mkononi mwake, na kipande cha bomba.

Maji yakaruka hadi kiunoni. Mzee akanyakua gunzi, akalishindilia. Likashika, kisha likaanza kulegea kama ugali uliozidiwa maji. Akalikalia. Akakaa wima juu ya tundu lile, akampungia meneja mkono, huku akiniambia kwa sauti ya chini nichote maji bila kuinua kiwiko. Nilichota kwa kiatu changu. Meneja alitazama kwa muda ambao sijaweza kuusamehe hadi leo, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Tulipoivuta nchi kavu, suruali ya mzee ilikuwa inatiririka. Aliniuliza kama sikuiona ile rangi. Sikuwa na uongo wa karibu, nikamsomea daftari: waridi kama alfajiri inayochanua juu ya msitu wa Mau.

"Hii uliandika lini?"

"Jumatano, mzee."

"Na maji imeingia Ijumaa."

Jumamosi asubuhi alitoa bomba jipya ndani ya soksi, akalifunga mwenyewe, na vigingi akachonga mwenyewe. Lori lilikuwa limewasha injini. Mashua ilipokwisha kufungwa kamba, alinipa nyundo.

"Gonga. Niambie."

Niligonga bomba jipya. Nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote, na daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani kwa makusudi.

"Inalia," nikasema.

"Inalia aje?"

"Inalia tu, mzee."

Akachukua nyundo yake, akapanda karibu na dereva, akauvuta mlango ukafungika.