Gemu ya askari wawili ilinyamazisha banda la Swabaha

Saa tano asubuhi, soko lililo jirani na kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, limeshachangamka. Wauza maharage wanaita wateja, redio zinashindana, na mvua ya jana imeacha tope jekundu hadi mlangoni. Ndani ya banda lake la mabati, Swabaha Abdulkarimu anafuta vioo vya mashine mbili ndogo za gemu kwa pindo la khanga. Kila mteja anayechungulia anauliza jambo lile lile.

"Mama, ile ya wawili ipo?"

"Haipo," anajibu bila kuinua macho. "Chezeni mpira, au magari."

Ipo. Kadi zake zimo ndani ya kopo la majani ya chai juu ya rafu, alikozificha tangu Jumanne.

Swabaha, mwenye umri wa miaka 38, ni mzaliwa wa Biharamulo. Babu yake alifika huko kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akaoa, akabaki. Yeye alihamia Ngara wakati Warundi waliokimbia vita walipojaa kambini na soko likawa kubwa kuliko la mjini. Aliuza khanga, sabuni na betri. Mwaka jana, 2006, kaka yake Hasani, dereva wa lori, akamletea mashine hizo za kushika mkononi pamoja na jenereta ya kuzichajia.

Gemu iliyoshika watu ni ya askari wawili. Kila mchezaji ana mashine yake, na mashine zenyewe husikilizana bila waya. Mmoja huwashughulisha maadui kwa risasi, mwenzake akizunguka kwa nyuma. Peke yako hufiki popote. Mmoja akipigwa, mwenzake humburuta hadi nyuma ya ukuta na kumfunga jeraha, naye huinuka.

"Ndiyo iliyokuwa inanilisha," anasema Swabaha. "Hizo nyingine ukizijumlisha zote haziifikii."

Jumanne mvua ilinyesha ghafla. Watu walikimbilia bandani, wakiwamo wawili ambao hawajawahi kushika gemu. Mmoja ni Sindayigaya, fundi baiskeli wa kambini. Wa pili ni mzee Emilian, mkulima wa kabila la Wahangaza kutoka kijiji cha Kanazi, aliyekuwa ameleta ndizi sokoni. Vijana wakawachokoza wajaribu. Wakakubali, huku mzee akicheka kwamba vidole vyake vimezoea jembe.

Walikwenda vizuri kwa muda. Kisha askari wa mzee Emilian akapigwa, akaanguka.

Sindayigaya aliitupa mashine. Alimkamata mzee makwapani, akamvuta kutoka kwenye benchi, akamburuta sakafuni hadi nyuma ya pipa la maji. Akamlalia kumkinga, viganja vyote viwili vikikandamiza kifua chake, akipiga kelele kwa Kirundi.

Banda zima lilicheka.

"Na mimi nilicheka," anasema Swabaha. "Nilidhani mzaha. Mtu yuko vitani mbele yangu, mimi nacheka! Ndipo nikaona mikono yake. Ilikuwa inatafuta panapotoka damu."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mvua iligonga mabati, na Sindayigaya alirudia neno moja na jina moja: "Haguruka, Niragira! Haguruka!"

Swabaha hakuelewa. Mzee Emilian alielewa, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Mtu huyo alikuwa anamwambia Niragira ainuke.

"Ningefanya nini?" mzee aliuliza baadaye. "Ningemwambia mimi si Niragira? Nilimjibu kwa lugha yetu: nimeinuka, kaka, twende."

Sindayigaya ni kijana wa umri wa wanawe, lakini mzee alimwita kaka. Sindayigaya alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akalegea. Alipogundua alipo, alimwomba mzee radhi, akatoka kwenye mvua.

Mengine yalijulikana jioni, wenzake wa kambini waliposimulia. Niragira alikuwa mdogo wake. Alipigwa risasi walipokuwa wanakimbilia mto Ruvubu. Sindayigaya alimburuta hadi kwenye matete, akamkinga, akamsihi ainuke, mpaka wenzake walipomng'oa pale kwa nguvu na kumvusha hadi Tanzania.

Usiku ule Swabaha hakula. Kilichomshtua zaidi ya yote ni kwamba Sindayigaya ni mteja wake wa miaka yote.

"Nilijua anapenda sabuni gani," anasema. "Sikujua kwamba alimwacha mdogo wake porini."

Bado anaeleza, mara sauti inabisha hodi. Ni Sindayigaya mwenyewe, shati limepigwa pasi. Nyuma yake yuko mzee Emilian.

"Dada, naomba ile gemu."

Swabaha anasimama. "Kaka yangu, si hiyo. Nitakupa mpira, ucheze bure."

"Nataka hiyo. Nimemfuata mzee, amekubali."

"Kwa nini ujiumize?"

Sindayigaya anatazama chini. "Humo ndani, mtu akianguka anaweza kuinuka. Kule kwetu sikuliona hilo."

Swabaha anamtazama mzee, naye anatikisa kichwa kukubali. Analishusha kopo, anapachika kadi kwenye mashine na kuketi katikati yao.

Askari wa mzee anaanguka. Sindayigaya anashusha pumzi, anabonyeza. Askari wake anamburuta yule wa mzee hadi ukutani, anamfunga jeraha. Askari anasimama na kuokota bunduki yake.

Hakuna anayeshangilia. "Tena," anasema Sindayigaya. Mzee anamtembeza askari wake kwenye risasi kwa makusudi, anaanguka, anainuliwa. "Tena." Swabaha anajifunika uso kwa khanga.

Wanapomaliza, Sindayigaya anarudisha mashine kwa mikono miwili. Anasema amejiandikisha kurudi Burundi na msafara unaofuata, na atapita karibu na mto ule ule.

"Poleni sana na msiba, kaka," anasema Swabaha, kana kwamba umetokea leo.

"Tumekwishapoa, dada. Asante."

Akishaondoka, Swabaha anafuta tena vioo vya mashine. Kambi inapungua kila wiki, wateja wanaondoka, na amepanga kurudi kufungua duka Biharamulo. Lakini si kabla ya jambo moja. Amemwomba mzee Emilian amsindikize kambini kila Ijumaa baada ya swala, amsaidie lugha.

"Kwetu jirani akifiwa unakwenda," anasema. "Hawa wamefiwa miaka yote nipo hapa, na sijaenda. Nitapita mlango kwa mlango, nimuulize kila mtu alimpoteza nani, nimpe pole. Nataka nianze kabla malori ya kuwarudisha kwao hayajawachukua."