Chumba cha Chini, Kalemie

Pétronille hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata vitenge anavyouza Jumapili katika soko la Gare du Midi, Bruxelles, huvipata kwa kumchosha mwenye navyo mpaka aombe amani. Basi safari ya Katanga nayo aliipanga hivyohivyo, kwa daftari, simu na uso mkavu.

Mumewe, Banza, alikuwa na saratani ya ini, na daktari alikwisha acha kutaja kupona. Alitaka jambo moja tu: kwao wamwone amesimama, amevaa suti, kisha arudi nyumbani Auderghem, huku Bruxelles, afie huku, wao wasijue lolote. Ndiyo sababu ya hoteli. Ukilala kwa ndugu utavua shati mbele yao.

Lubumbashi mwezi wa sita usiku ni baridi, kwa hiyo alitaka maji ya moto na blanketi mbili. Kolwezi, chumba kilicho mbali na vumbi la malori ya migodi. Kalemie ndiko kwao Banza, joto la ziwa na vilima, naye ngazi haziwezi tena: chumba cha chini, chenye feni. Hapo meneja wa hoteli, Bienfait, aligoma kwenye simu.

"Maman, bei ni ile."

"Bienfait, papa, sisi ba Bruxelles hatuna mugodi!"

"Bote banasemaka vile, maman. Kisha banashuka mu ndege na valise ine za nguo."

Pétronille akacheka. Halafu akatoa karata ya mwisho, kama sokoni.

"Bon, nikuambie kweli. Bwana yangu iko na kansa, miguu imeisha. Mugonjwa naye utamulipisha bei ya touriste?"

"Pole, maman. Niandike jina gani?"

"Banza Kalenga."

Bei ikashuka robo. Akafunga daftari ameridhika.

Siku ya tatu, Banza akinywa chai, simu yake ililia. Alikuwa Ngoy, mdogo wake, kutoka Kalemie.

"Yaya, mukubwa wangu, Bienfait ametuambia yote. Tumetosha viti ku salon, tumeviweka inje, tumetandika matela ya kulala chini. Pasta anajua. Kuja tu."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakiomboleza. Banza aliweka simu mezani, vilio vikajaa jikoni.

"Wananililia," alisema, "na chai yangu bado ya moto." Akamgeukia mkewe. "Ni wewe?"

"Nilikuwa napunguza bei."

Hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Futa yote, Pétronille. Sitapanda ndege kwenda kwenye matanga yangu."

Akafuta Lubumbashi, akafuta Kolwezi. Kabla hajafika Kalemie, ujumbe wa Bienfait uliingia: kwa ajili ya Papa Banza, chumba ni bure, siku zozote atakazo.

Miaka yote ya biashara, hakuwahi kupewa kitu bure. Alilaza simu kifudifudi, akaenda kuirudisha suti kabatini. Fundi alikuwa ameshaipunguza mara mbili.